Katuni ya Jumamosi na Bahasha ya Kamene

Mwaka wa 2002 nilifukuza majirani wawili kwenye ploti yetu Kitengela, mama na mtoto wake, na sababu ilikuwa katuni.

Ndiyo, katuni. Zile za televisheni, za joka na malkia.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Sikupigana na mtu, sikumtusi mtu. Nilisema sentensi moja tu jikoni, na kufikia mwisho wa mwezi walikuwa wamefunga godoro kwa kamba wakaenda.

Juzi kwenye group moja mtu aliuliza swali la kupitisha muda. Kila mmoja ataje wahusika wa katuni alizokua akitazama, kisha aseme ni watu wa tabia gani, kwa zile herufi nne za mtandaoni. Watu wakacheka, wakajibu, wakabishana.

Mimi nilizima simu nikaenda kulala saa mbili.

Kwa hivyo leo naandika. Ukifika katikati utanichukia, na sitakulaumu.

Naitwa Sheryl. Baba yangu, mzee Lazarus Wanyonyi, alikuwa karani wa dirishani katika ofisi moja ya serikali pale Kajiado mjini. Kwetu ni Bungoma, lakini kazi ilimleta huku, na sisi tukaishi Kitengela kwa sababu nyumba zilikuwa za bei ya mshahara wake. Alitoka alfajiri, akarudi jioni na vumbi la Isinya kwenye viatu.

Kazi yake ilikuwa kupokea fomu. Unakuja dirishani, unatoa karatasi zako, anaangalia kama zimekamilika. Zikipungua hata moja, unarudi nyumbani kuileta. Alikuwa amefanya hivyo miaka kumi na minane.

Sasa, mtu akikaa dirishani miaka yote hiyo anajua watu. Baba alisema binadamu wote wako aina nne, hakuna ya tano.

Kuna wa foleni. Huyo anasimama mahali pake, karatasi zimekamilika, anasema ukweli hata ukimwumiza.

Kuna wa ubavuni. Huyo anajipenyeza kando ya mwenzake akisema, "Niko na swali moja tu."

Kuna wa mlango wa nyuma, ambaye lazima awe anamjua mtu ndani.

Halafu kuna wa kesho. Huyo ukimwambia amekosa karatasi moja anaenda, na hutamwona tena maisha yako yote.

Ploti yetu haikuwa na stima. Tulikuwa na TV ndogo ya inchi kumi na nne, nyeusi na nyeupe, inayotumia betri ya gari. Betri ilipelekwa kuchajiwa mara moja kwa wiki, na chaji yote tuliihifadhi kwa ajili ya Jumamosi saa kumi jioni.

Saa hiyo kulikuwa na katuni ya ufalme uliojengwa juu ya ngazi mia moja. Kulikuwa na Grolo, joka mchanga anayeogopa moto wake mwenyewe. Kulikuwa na Malkia Isalda, na bawabu wake paka aliyeitwa Tifo, na mchawi Bibi Sulfa aliyeishi chini ya ngazi ya kwanza.

Baba, mtu mzima mwenye kitambi na koti la kazi, aliipenda ile katuni kuliko mimi.

Mchezo wetu ulikuwa huu. Mhusika mpya akitokea, kila mtu anakisia aina yake papo hapo, kabla hajafanya lolote. Tunaandika nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Kisha tunangoja wiki zipite tuone nani alipatia.

Ulikuwa mchezo wangu na baba. Wetu wawili. Hakuna kitu duniani nilichokipenda hivyo.

Halafu nikatimiza miaka kumi na miwili, na mama akaniita chumbani.

"Sheryl, wewe sasa ni msichana mkubwa," akasema. "Kwetu msichana mkubwa hakalii mkono wa kiti ya babake. Utakuwa unakaa hapa na mimi."

Hapa maana yake ilikuwa mkeka karibu na mlango, na sufuria ya mboga ya kuchambua. Baba hakupinga. Yeye pia alilelewa hivyo, na tangu siku hiyo hakuwahi kuingia chumba nilicholala wala kugusa sanduku langu la nguo. Akitaka kuniita alisimama nje akakohoa.

Nikazoea. Nilikisia kutoka mkekani kwa sauti ya juu.

Kisha akaja Kamene.

Kamene na mama yake, Nzembi, walihamia nyumba ya tatu kutoka kwetu mapema mwaka huo wa 2002. Mama Kamene alikuwa mjane, anashona nguo kwenye kiwanda kule Athi River. Hawakuwa na TV. Mama yangu mwenyewe ndiye aliyemwambia Kamene aje atazame na sisi, na mimi nikafurahi, kwa sababu tulikuwa darasa moja na alikuwa mtu poa.

Furaha hiyo ilidumu Jumamosi moja.

"Sheryl, huyo paka ni nani?" baba akauliza. Tifo ndiyo kwanza alikuwa ametokea.

"Wa foleni," nikasema. "Si ni bawabu, kazi yake ni kusimama tu hapo kwa mlango."

"Na wewe, Kamene?"

Kamene akafikiria kidogo. "Huyo ni wa mlango wa nyuma, Baba Sheryl. Anasimama kwa mlango lakini macho iko kwa funguo."

Baba akacheka hadi akakohoa.

Wiki tatu baadaye Tifo akaiba funguo za ghala akamwingiza Bibi Sulfa ndani. Baba akapiga goti lake kofi, akamwambia Kamene, "Wewe nitakuachia dirisha yangu nikistaafu. Wewe ni Karani Mdogo."

Karani Mdogo. Mimi nilikuwa nimekisia naye miaka miwili na hakuwahi kunipa jina lolote.

Wacha niseme wazi. Niliona wivu. Sikuwa namwonea wivu kwa nguo, maana zangu zilikuwa nzuri zaidi, wala kwa shule, maana nilimpita hesabu. Nilimwonea wivu kwa lile kofi la goti.

Ikazidi. Kamene hakuwa msichana wa kwetu, kwa hivyo sheria ya mama haikumhusu. Akaanza kuketi kwenye kigoda kando kabisa ya kiti cha baba. Mimi niko mkekani na sukuma wiki, yeye yuko kwenye kigoda.

Halafu wakaanza kunong'onezana.

Katuni ikianza, Kamene alisogeza mdomo karibu na sikio la baba, akanong'ona, baba akatikisa kichwa. Kitu kikitokea, ananong'ona tena. Baba anacheka, mara nyingine akichelewa kidogo, kama wanacheka jambo lao wenyewe.

"Mnasema nini?" niliuliza siku moja.

"Hakuna kitu," Kamene akajibu haraka.

Baba akasema, "Angalia katuni, Sheryl."

Nilimwuliza baba swali moja mara nyingi mwaka huo. Mimi niko aina gani? Alishamwambia Kamene yeye ni wa foleni. Mama alishaambiwa ni wa ubavuni, na akachukia siku mbili. Mimi alinijibu kila mara, "Wewe bado nakuangalia."

Nikawa naamka usiku nikifikiria hilo jibu.

Sasa sikia kilichotokea Alhamisi moja ya Agosti, shule zimefungwa.

Mama alinituma stage kununua mafuta ya taa. Nikiwa pale, gari la kutoka Nairobi likasimama, na akashuka Mama Kamene. Nyuma yake akashuka baba yangu.

Baba alitakiwa kuwa Kajiado. Kajiado iko upande ule mwingine kabisa.

Na alikuwa amemshika Mama Kamene kiwiko.

Wakavuka barabara hivyo, polepole, mkono kwenye kiwiko, na upande wa pili baba akauachia. Mimi nilijificha nyuma ya kibanda cha viazi na chupa yangu ya mafuta. Nilipofika nyumbani sikusema neno.

Kesho yake nikamwona baba nyuma ya tangi la maji akimpa Kamene kadi ya manjano. Kamene akaificha ndani ya sweta akaangalia huku na huku.

Jioni hiyo mama alikuwa jikoni anapika ugali. Nikasimama mlangoni.

"Mama, watu hapa kwa ploti wanasema Kamene anafanana na baba."

Mwiko ukasimama.

"Watu gani?"

"Watu tu. Wanasema hata mapua ni ile ile. Na jana nimeona baba na Mama Kamene wakishuka gari ya Nairobi wameshikana mikono."

Hakuna mtu aliyekuwa amesema lolote kuhusu pua. Watu nilikuwa mimi. Na mkono uliokuwa umeshikwa ni kiwiko, lakini nilijua nikisema kiwiko haitatosha.

Mama hakungoja ugali uive.

Alimkuta Mama Kamene kwenye mfereji, mbele ya wanawake wote wa ploti, na akamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika yote hapa. Mjane, mwizi wa waume, mtoto wa kuokota. Nilikuwa nimesimama mlangoni petu na moyo wangu ulikuwa unacheza ngoma, na sehemu yake, Mungu anisamehe, ilikuwa inacheza kwa raha.

Mama Kamene aliweka ndoo chini. Akaangalia nyumba yetu muda mrefu.

"Siwezi kukujibu, Mama Sheryl," akasema. "Na si ati sina jibu."

Akabeba maji yake akaingia ndani.

Baba aliporudi, mama alimngoja sebuleni. Nilisikia yote kupitia pazia. Baba alisema jambo moja tu: "Margaret, huyo mtoto si wangu." Mama akauliza na Nairobi je. Baba akanyamaza. Mama akauliza tena mara tatu, na mara tatu baba akanyamaza.

Kwa mama, kunyamaza huko kulikuwa ni kukiri. Kwangu pia.

Mwisho wa mwezi Mama Kamene akaamua kuhamia kwa dada yake kule Illasit. Saning'o, mwenye ploti, ndiye aliyemletea mkokoteni wa punda mpaka stage.

"Sopa, mama," alimsalimu Kimaasai akifunga kamba. "Ukitaka kurudi, hii nyumba nakuwekea."

"Ipa," Mama Kamene akaitikia.

Mimi nilikuwa langoni nikijifanya kufagia. Kamene akanijia. Macho yalikuwa yamevimba. Akanipa bahasha ya kaki iliyofungwa kwa gundi.

"Mpatie baba yako," akasema. "Leo. Usisahau, tafadhali. Usimpe mama yako."

"Ni ya nini?"

"Mpatie tu, Sheryl."

Akaenda. Hata hakunikasirikia. Mpaka leo sijui kama alijua ni mimi niliyesema.

Nikaingia ndani na ile bahasha mkononi. Nikawaza, hata sasa ameondoka bado wana siri. Hata sasa anatumia mkono wangu mimi kupeleka siri yao. Nikafungua sanduku langu la chuma, nikaizika chini kabisa, chini ya gauni la Krismasi, nikafunga kwa kufuli.

Jioni baba akakohoa nje ya mlango wangu. Nikatoka.

"Kamene hakuacha kitu chochote?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema.

Nilimwangalia usoni nikisema hivyo. Alisimama pale kidogo, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Halafu akasema, "Sawa," akaenda kuketi.

Nilikuwa nimeshinda. Jumamosi zilizofuata mama hakutaka hata kuiona TV, akawa anaenda mazoezi ya kwaya kanisani. Hakuna aliyenikataza tena. Nikachukua kigoda cha Kamene nikaketi kando ya baba.

Lakini baba alikuwa amebadilika. Hakukisia sana. Mhusika mpya akitokea, alingoja mpaka azungumze. Akanyamaza dakika nyingi, uso umeelekea mbele, mikono magotini. Nilidhani anamkosa Kamene, na wivu ukanishika upya, wa kumwonea mtu ambaye hata hayupo.

Septemba ikaisha. Ikafika Jumamosi moja katikati ya Oktoba, siku Grolo alipotakiwa kupanda zile ngazi mia moja.

Betri haikuwa imechajiwa vizuri. Mnaojua TV za betri mnajua ilivyo. Nguvu ikipungua, picha inaanza kujikunja kutoka pembeni, inakuwa ndogo, inakuwa mstari, kisha inapotea. Sauti inabaki.

Picha ikajikunja. Ikawa mstari. Ikapotea. Kioo kikawa cheusi kabisa na sauti ya Malkia Isalda ikaendelea.

Nikafungua mdomo niseme betri imeisha.

"Angalia vile huyo joka amesimama," baba akasema. "Anaogopa."

Nilimgeukia. Alikuwa anatazama kioo cheusi, na alikuwa anatabasamu.

Nikageukia TV nikidhani labda picha imerudi. Hakukuwa na kitu. Nilijiona mimi mwenyewe mle ndani, na baba kando yangu.

"Sheryl," akasema, "sasa amefanya nini? Amepanda?"

Sijui nieleze vipi hiyo dakika. Nilinyoosha mkono nikaupunga mbele ya uso wake, polepole, na hakupepesa.

"Amepanda," nikasema.

"Ngazi ngapi?"

"Moja. Sasa mbili. Malkia ameshika taa."

"Na yule paka?"

"Yuko nyuma ya nguzo."

Hakukuwa na nguzo. Hakukuwa na paka wala taa. Nilimtungia baba katuni nzima kwa dakika kumi na tano, na yeye akacheka mahali pa kucheka, akichelewa kidogo, kama alivyokuwa akicheka na Kamene.

Ndipo nikaelewa walikuwa wananong'onezana nini mwaka mzima.

Sauti nayo ilipoisha, baba akapapasa, akapata bega langu, akaliwekea mkono. Hakuwa amenigusa tangu nitimize miaka kumi na miwili.

"Uliniuliza wewe ni aina gani," akasema. "Wewe ni wa foleni, Sheryl. Ukipewa kitu ya mtu, unafikisha."

Nililitaka neno hilo mwaka mzima. Siku nilipopewa nilitamani sakafu ipasuke. Niliondoka nikisema naenda chooni, nikaenda kwenye sanduku.

Ndani ya bahasha kulikuwa na ile kadi ya manjano. Ilikuwa kadi ya kliniki ya macho, Nairobi. Jina: Lazarus Wanyonyi. Tarehe ya kufanyiwa upasuaji: 19 Septemba.

Siku hiyo ilikuwa tarehe kumi na mbili Oktoba.

Kulikuwa na karatasi pia, mwandiko wa Kamene. "Baba Sheryl, matone ni asubuhi na jioni, usiruke. Siku ni Alhamisi tarehe 19, ufike saa mbili. Mama anasema pole hataweza kukupeleka tena, chukua Sheryl. Yeye ni mzuri, mwambie tu."

Nilisoma hiyo sentensi ya mwisho nikakaa chini kando ya sanduku.

Yaliyofuata nitayasema haraka, kwa sababu hapa ndipo nilipokuwa mbaya zaidi. Sikumpelekea baba kadi. Niliichana barua ya Kamene vipande vidogo, na ile kadi nikaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la kazi, lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango, ili ionekane ilikuwa pale siku zote.

Mama akaipata Jumatatu akitaka kufua koti. Akaisoma akiwa amesimama. Kisha akaketi chini, akalia kwa sauti, na baba akamweleza yote.

Alikuwa ameanza kupoteza macho mwaka uliotangulia. Kamene ndiye wa kwanza kugundua, kwa sababu nyanya yake kule Makueni alipofuka hivyo hivyo, na alijua mtu anayecheka akichelewa. Mama Kamene akampeleka baba kliniki siku zake za mapumziko. Siku ile niliyowaona stage, daktari alikuwa amemtia baba dawa machoni na hakuweza kuvuka barabara peke yake.

Kadi ilikaa kwa Kamene ili mama asiipate, na ndiye aliyekuwa akimkumbusha matone. Ofisini baba aliwaambia watu wasome majina yao kwa sauti, wakadhani ni ukali.

"Kwa nini ukanificha mimi, bibi yako?" mama akauliza.

"Ungeniambia niache kazi," baba akasema. "Nilitaka Sheryl aingie sekondari kwanza."

Wiki hiyo hiyo wakaenda Nairobi. Daktari alisema jicho la kushoto limeisha. La kulia lingeokolewa kama angekuja tarehe aliyopewa na kama hangekosa matone. Sasa lilikuwa limebaki na mwanga wa kujua mchana na usiku.

"Nilisahau," baba akamwambia mama. "Kadi ilikuwa kwa koti. Nilisahau tu."

Mama hakumsamehe kwa hilo. Miaka na miaka, akikasirika kidogo, hata chai ikimwagika, alimwambia, "Mtu anasahau vipi macho yake mwenyewe?" Baba alijibu kila mara, "Ni kweli, Margaret. Nilikosea." Na mimi nikiwa chumba hicho hicho, ninakula.

Alistaafishwa mwaka wa 2003. Mama akaanza kuuza mitumba, na kwa mitumba hiyo nikasoma sekondari, nikasoma chuo, nikaajiriwa Nairobi.

Mwaka wa 2009 ikaja kadi nyingine. Ilikuwa ya harusi. Kamene alikuwa mwalimu huko Entarara na alikuwa anaolewa. Juu ya bahasha aliandika, "Baba Sheryl."

Ilikuwa Jumapili, mama yuko kanisani. Baba alikuwa ameketi na redio yake nje ya nyumba yetu ndogo ya Kitengela, ile tuliyojenga wenyewe. Nikamsomea. Nilipofika mahali pa jina la bibi harusi, nikaiweka kadi chini.

Nikapiga magoti kwenye simiti.

"Baba, ile kadi haikuwa kwa koti. Nilikuwa nayo mimi. Kamene alinipatia siku wanahama."

Akazima redio.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu ile jioni nimekuuliza ukasema hapana. Nimesikia watu wakidanganya kwa dirisha miaka kumi na nane, Sheryl. Nitakosa kusikia mtoto wangu?"

"Sasa mbona hukunidai? Si ungefungua tu sanduku?"

"Sanduku ya msichana wangu?" Alishangaa kweli. "Baba hafanyi hivyo."

"Ungeenda kliniki bila kadi, baba. Wangekutafutia faili."

"Bila kadi." Akatikisa kichwa. "Watu wangapi nimerudisha nyumbani Kajiado juu ya karatasi moja? Wazee kutoka Bisil, na miguu. Ningesimama kwa dirisha ya mwenzangu nimwambie nini?"

Akapapasa redio akaisogeza kando.

"Tena sikutaka kukushika mkono. Nilitaka ulete mwenyewe. Nilikuwa nasema, ataleta kesho. Kesho ikifika nasema, huyu ni mtoto, ataleta kesho. Hata ile siku ya joka nilikuambia wewe ni wa foleni, nikidhani itakusukuma."

"Ilikuwa imeshapita, baba. Hiyo siku tarehe ilikuwa imeshapita."

"Najua. Tarehe Kamene alikuwa ameniambia kwa mdomo. Hiyo asubuhi ya tarehe kumi na tisa niliambia mama yako naenda kazi kuchelewa. Nikavaa viatu nikakaa kwa kiti pale karibu na mlango. Nikakusikia ukifunga begi. Ukapita, ukasema, 'Kwaheri baba,' ukaenda shule."

Ninaikumbuka hiyo asubuhi. Nilimwona amekaa pale na koti lake, na nilijiuliza kwa nini hajaondoka, halafu nikawahi kengele.

Harusini Illasit tulienda wote watatu. Mama alipiga magoti mbele ya Mama Kamene, watu wakiangalia, na wakalia pamoja. Nami nilimwambia Kamene kila kitu nyuma ya hema la wageni. Alinisikiliza hadi mwisho, na gauni lake jeupe, kisha akaniuliza swali moja tu, "Alikuwa anaona kidogo hiyo asubuhi, ama alikuwa anasikia tu?"

Hilo sijawahi kuthubutu kumwuliza baba.

Mimi sina mahubiri marefu. Wivu wangu haukuwa wa mume wala wa mali, ulikuwa wa mtoto anayetaka kuketi karibu na babake, na ulimgharimu macho. Kama kuna kitu cha mtu kiko kwako, umekificha kwa sababu ya hasira au kijicho, usingoje ujisikie tayari. Mpelekee leo. Inawezekana amevaa viatu tayari na amekaa anakungoja.